Ukweli na Usanii katika Masimulizi ya Maisha: Mpaka Uwekwe Wapi?

Masimulizi ya kweli ya kisanaa hueleza mambo yaliyotokea na watu walioishi, lakini huyaeleza kwa mbinu zilizozoeleka katika riwaya na hadithi fupi: mandhari, mazungumzo, taharuki na mpangilio wa matukio unaomshika msomaji. Tawasifu imo humo, pamoja na kumbukumbu za kipindi kimoja cha maisha, insha ya nafsi, habari za safari na makala marefu ya magazeti. Aina zote hizi zina deni kwa pande mbili. Kwa upande mmoja zinapaswa kuwa kweli, na kwa upande mwingine zinapaswa kusomeka kwa hamu. Pande hizo mbili zikivutana, swali hujitokeza: mwandishi anayemwambia msomaji kwamba haya yalitokea anaruhusiwa kubuni kwa kiasi gani?

Swali hili limezaa misimamo minne mikubwa. Kila mmoja una hoja nzito na kila mmoja una udhaifu wake. Uchambuzi huu unaeleza kwanza mkanganyiko ulikotoka, kisha unaipitia misimamo hiyo na kuipima, kwa kuzingatia zaidi mwandishi na msomaji wa Kiswahili.

Mkanganyiko unatoka wapi

Sababu ya kwanza ni malezi ya darasani. Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kutofautisha wasifu, unaoandikwa na mtu kuhusu mwingine, na tawasifu, ambayo mtu hujiandikia mwenyewe. Lakini mwanafunzi huyohuyo, akipewa mtihani wa insha unaomtaka aandike kisa cha kuthibitisha ukweli wa methali, huandika "mimi" akibuni ajali, ugonjwa au wizi ambao haujamfika. Hupewa alama kwa ufasaha na mtiririko, na haulizwi kama kisa kilitokea. Zoezi hilo lina faida zake, lakini humzoeza mwandishi mchanga kuiona nafsi ya kwanza kama vazi la kuvaa na kuvua.

Sababu ya pili ni riwaya zenyewe. *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996 na kusomwa sana katika shule za Kenya, inasimuliwa na Kongowea Mswahili, kijana anayeeleza maisha yake tangu utotoni Tanga. Ina umbo lote la tawasifu, ila Kongowea ni mhusika wa kubuni. Walibora baadaye aliandika tawasifu yake halisi, *Nasikia Sauti ya Mama*. Msomaji anayeviweka vitabu hivyo viwili mkononi hawezi kujua kwa kutazama viwakilishi peke yake kipi ni cha kubuni na kipi ni cha kweli. Kinachotofautisha ni ahadi iliyotolewa nje ya masimulizi: jina la mwandishi, jina la msimulizi, na maelezo ya jaladani.

Sababu ya tatu ni soko. Maneno "kisa cha kweli" huongeza mvuto wa habari yoyote. Maumivu yaliyompata mtu halisi humgusa msomaji kwa namna ambayo maumivu ya mhusika wa kubuni hayamgusi, na mwandishi hulijua hilo, na mchapishaji pia. Kwa hiyo kishawishi cha kubandika lebo ya ukweli juu ya maandishi yaliyotiwa chumvi ni kikubwa, hasa mahali ambapo hakuna wahariri wenye kazi maalumu ya kuhakiki matukio. Mhariri wa vitabu mara nyingi huajiriwa kunyoosha lugha, si kupekua kumbukumbu za kituo cha polisi au daftari la hospitali.

Masimulizi ya nafsi katika Kiswahili

Kiswahili hakikungoja nadharia za karne ya ishirini ili kusimulia maisha ya mtu. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Göttingen mkusanyo wa *Safari za Wasuaheli*, ambamo Salim bin Abakari anasimulia safari yake ya mwaka 1896 kupitia Urusi hadi Siberia akiwa na bwana wake Mjerumani. Mwaka 1902 na 1903 Heinrich Brode alichapisha maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Shaaban Robert, aliyeishi kuanzia 1909 hadi 1962, alitoa *Maisha Yangu* na kuyaendeleza katika *Baada ya Miaka Hamsini*, na pia aliandika *Wasifu wa Siti Binti Saad*, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1950. Katika miaka ya karibuni, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais wa Tanzania, alitoa *Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu* mwaka 2021.

Mapokeo haya yanaonyesha jambo ambalo wabishani wengi huliruka. Tippu Tip anaeleza vita, mikopo, pembe za ndovu na misafara ya bara, na watumwa wanapita katika simulizi kama sehemu ya biashara. James Mbotela, katika *Uhuru wa Watumwa* cha mwaka 1934, anasimulia utumwa kutoka upande wa pili: watu waliotekwa, wakaokolewa, wakaishia Freretown karibu na Mombasa, baba yake akiwa miongoni mwao. Lakini naye anaandika akiwa na shukrani kubwa kwa Waingereza na misheni, na shukrani hiyo imeamua kipi kisifiwe na kipi kinyamaziwe. Wasimulizi hawa wawili wanazungumzia karne moja na biashara moja. Hata kama kila tukio lililotajwa na kila mmoja wao lingethibitishwa, picha mbili hizo zisingelingana. Ukweli wa tukio mojamoja na ukamilifu wa picha nzima ni mambo mawili tofauti, na mjadala wa tawasifu huharibika pale yanapochanganywa.

Kumbukumbu inavyofanya kazi

Kabla ya kupima misimamo ni lazima kuelewa malighafi yenyewe, maana mwandishi wa maisha yake hana kanda ya video ya utoto wake. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge alichapisha utafiti ambamo Waingereza walisomeshwa hadithi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, kisha wakatakiwa kuirudia baada ya muda. Kila waliporudia walizidi kuifupisha na kuiegemeza kwenye mazoea yao: mtumbwi ukawa boti, kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Hawakukusudia kudanganya. Akili zao zilijaza mapengo kwa vitu walivyovizoea.

Mfano mwingine ni wa chombo cha anga za juu Challenger, kilicholipuka tarehe 28 Januari 1986. Siku iliyofuata, Ulric Neisser na mwenzake katika Chuo Kikuu cha Emory waliwataka wanafunzi waandike walikuwa wapi na walipataje habari. Zaidi ya miaka miwili baadaye wanafunzi 44 kati yao waliulizwa tena. Robo yao walikosea kila jambo kuu, na wengi waliokosea walikuwa na uhakika mkubwa. Walipoonyeshwa maandishi ya mikono yao wenyewe, baadhi walishikilia kwamba kumbukumbu ya sasa ndiyo sahihi.

Mambo mawili yanafuata kutoka hapo. Kwanza, mwandishi mwaminifu kabisa anaweza kuandika jambo lisilo kweli. Pili, uhakika alionao moyoni si ushahidi. Misimamo minne inayofuata inatofautiana katika namna ya kulishughulikia tatizo hili.

Msimamo wa kwanza: lisilothibitika lisiandikwe

Wanaoshika msimamo huu wanatoka zaidi katika uandishi wa habari na historia. Kwao, masimulizi ya kweli hayana ruhusa ya kubuni hata neno moja. Mazungumzo yaandikwe ikiwa tu kuna rekodi, barua au shahidi. Tarehe zihakikiwe. Wahusika wawili wasiunganishwe wakawa mmoja. Usanii ubaki katika kuchagua maneno na kupanga sura.

Nguvu yake ni kwamba unalinda imani. Kisa cha James Frey kinaonyesha hasara ya kuivunja. Kitabu chake *A Million Little Pieces*, kilichotoka Marekani mwaka 2003 kama kumbukumbu za mraibu wa dawa za kulevya, kiliuzwa kwa mamilioni baada ya kuchaguliwa na Oprah Winfrey mwaka 2005. Januari 2006 ilifichuliwa kwamba matukio kadhaa yametiwa chumvi mno, likiwemo dai la kukaa jela miezi, hali alikuwa ameshikiliwa kwa saa chache tu. Mchapishaji alikubali kuwarudishia fedha wasomaji waliodai. Frey mwenyewe alieleza kwamba mswada ulipelekwa kwanza kwa wachapishaji kama riwaya. Maneno yangeweza kubaki yaleyale; lebo ndiyo iliyoyageuza kuwa udanganyifu. Na walioumia zaidi walikuwa waraibu na jamaa zao, waliokishika kitabu kile kama ushahidi kwamba mtu anaweza kupona.

Udhaifu wake ni kwamba unawanyima sauti wasio na nyaraka. Mtoto wa ofisa aliyetunza shajara na barua ataweza kuandika utoto wake wote. Mtoto wa mkulima asiyejua kusoma, ambaye habari za ukoo wake ziko vinywani mwa wazee, atabaki na kurasa chache. Kwa jamii ambazo historia yake imehifadhiwa kwa mdomo, kipimo cha karatasi peke yake kinapendelea waliokuwa na karani, na karani huyo mara nyingi alikuwa wa serikali ya kikoloni.

Msimamo wa pili: ukweli wa hisia unatosha

Upande wa pili unasema kwamba msomaji wa tawasifu hatafuti orodha ya tarehe. Anatafuta kuelewa ilikuwaje kuwa mtu yule, mahali pale, wakati ule. Ikiwa tukio la kubuni linafikisha hisia hiyo kwa uaminifu kuliko tukio halisi, basi libuniwe. Mfaransa Serge Doubrovsky aliipa njia hii jina mwaka 1977, katika *Fils*, kitabu ambamo mwandishi na mhusika wanashiriki jina moja huku kazi ikiitwa riwaya.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unakiri kazi halisi ya sanaa. Maisha hayaji yakiwa na sura za kitabu. Mtu anayesimulia miaka mitano ya ndoa kwa kurasa ishirini tayari ameacha karibu kila kitu, na kuacha huko ni uamuzi wa kisanaa. Pia kuna maumivu ambayo kumbukumbu huyashika vipandevipande, na mwandishi asiporuhusiwa kuviunga hawezi kuyaeleza.

Udhaifu wake ni kwamba hauna breki. John D'Agata, katika insha iliyozaa kitabu *The Lifespan of a Fact* cha mwaka 2012 alichokiandika pamoja na mhakiki wake Jim Fingal, aliandika vilabu 34 vya wacheza uchi mahali ambapo chanzo kilitaja 31, kwa sababu tu namba ile ilimpendeza kwa mdundo wa sentensi. Vilabu vitatu havimdhuru mtu. Lakini hoja inayoruhusu kubadili 31 kuwa 34 ndiyo hiyohiyo inayoruhusu kubadili saa kuwa miezi ya jela. Truman Capote naye alidai kwamba *In Cold Blood* cha mwaka 1966, kuhusu mauaji ya familia moja huko Kansas, ni kweli tupu; baadaye ikajulikana kwamba tukio la mwisho, la mazungumzo makaburini, alilibuni. Kitabu kilipata mwisho wenye faraja, na shaka ikaingia katika kurasa zote zilizotangulia, zikiwemo zile alizozitafiti kwa miaka.

Msimamo wa tatu: mimi kwa niaba ya sisi

Kundi la tatu linakataa dhana kwamba simulizi ya maisha ni mali ya mtu mmoja. Katika jamii nyingi, mtu anayesimulia mateso husema kwa niaba ya ukoo, kijiji au tabaka, na yaliyompata jirani huingia katika "mimi" yake bila nia ya kudanganya.

Kesi maarufu ni ya Rigoberta Menchú, mwanamke wa Kimaya kutoka Guatemala. Ushuhuda wake, uliochapishwa mwaka 1983 kutokana na mahojiano yaliyorekodiwa na Elisabeth Burgos, uliifungua dunia macho kuhusu mauaji ya wenyeji, naye akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1992. Mwaka 1999 mwanaanthropolojia David Stoll alichapisha utafiti uliopinga baadhi ya maelezo, yakiwemo kwamba hakusoma shule na namna mmoja wa kaka zake alivyokufa. Watetezi wake walijibu kwamba alisimulia maisha ya watu wake. Mwaka huohuo tume ya ukweli iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kutoweka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Guatemala, na ikathibitisha vitendo vya mauaji ya kimbari dhidi ya Wamaya. Kamati ya Nobel haikuibatilisha tuzo.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unawatendea haki wale wanaosimulia kwa mdomo, na unawafaa wengi katika Afrika Mashariki, ambako simulizi za ukoo husemwa kwa "sisi" hata na mtu aliyezaliwa miaka hamsini baada ya tukio. Udhaifu wake ni kwamba unawapa silaha wakanushaji. Ushuhuda ukishaonekana kuwa na kosa moja, mwenye nia mbaya hulitumia kosa hilo kufuta mauaji yote. Ushuhuda huo ungetanguliwa na sentensi moja ya kusema "haya yaliwapata watu wangu, na si yote yaliyoupata mwili wangu", usingepungua uzito, na ungekuwa mgumu kushambuliwa.

Msimamo wa nne: mkataba ulio wazi

Mfaransa Philippe Lejeune aliandika mwaka 1975 kwamba tawasifu hutambulika kwa mkataba kati ya mwandishi na msomaji: jina la mwandishi, la msimulizi na la mhusika mkuu ni moja, na mwandishi anajifunga kusema kweli kadiri anavyoijua. Msimamo wa nne unajengwa hapo. Hauulizi kwanza mwandishi amebuni kiasi gani. Unauliza kama msomaji ameambiwa.

Adam Shafi anaonyesha jinsi mwandishi mmoja anavyoweza kutumia mikataba tofauti. Alikuwa miongoni mwa waliotiwa ndani baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume mwaka 1972. Uzoefu wa jela aliuingiza katika *Haini* cha mwaka 2003, akiuita riwaya na kuwapa wahusika majina mengine. Safari zake za ujana kutafuta masomo ng'ambo aliziandika katika *Mbali na Nyumbani*, kazi ya kitawasifu. Riwaya ilimpa nafasi ya kuingia vichwani mwa wafungwa na walinzi, na ilimlinda pamoja na watu halisi ambao huenda bado walikuwa hai. Gharama yake ni kwamba *Haini* haiwezi kutumiwa kama ushahidi wa jambo mahususi lililotendwa na mtu mahususi. Mwandishi alipata uhuru na akatoa nguvu ya ushuhuda. Hakumdanganya mtu kwa kufanya hivyo.

Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba tangazo linaweza kugeuzwa kuwa kichaka. Mwandishi anayeweka mstari mmoja mwanzoni, kwamba baadhi ya majina na matukio yamebadilishwa, kisha akabuni nusu ya kitabu, ametimiza desturi bila kutimiza uaminifu. Tangazo lenye manufaa hutaja nini kimebadilishwa na kwa nini.

Mfano mmoja kwa matoleo matatu

Tofauti za misimamo hii huonekana vizuri zaidi kwenye sentensi. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya uchambuzi. Mwandishi alikuwa na miaka sita familia yake ilipohamishiwa kijiji kipya wakati wa Operesheni Vijiji nchini Tanzania. Anajua kwamba walihama, na kwamba mama yake alibeba jiwe la kusagia. Hajui mama alisema nini.

Toleo la kwanza: "Mama akasimama mlangoni, akaishika fremu kwa kiganja, akasema, 'Nyumba hii imenipa watoto wanne, leo naiachia panya.' Lori likanguruma."

Toleo la pili: "Familia ilihamishwa mwaka 1974. Nyumba iliachwa. Mama alichukua jiwe la kusagia."

Toleo la tatu: "Tulihama mwaka 1974. Kama mama alisema neno mlangoni sikulisikia, kwa kuwa macho na masikio yangu yote yalikuwa kwenye lori, la kwanza kulipanda maishani. Jiwe la kusagia nalikumbuka. Lilinigonga mguu njia nzima. Dada yangu husema mama hakufungua kinywa mpaka tulipofika. Miaka iliyofuata, kila alipoitaja nyumba ile alisema 'kwangu'. Hii mpya aliiita 'hapa'."

Toleo la kwanza linasisimua, ila kauli ya mama ni ya mwandishi. Msomaji akijua hivyo, huzuni yake inageuka kuwa kinyongo. Toleo la pili halina kosa wala uhai. La tatu halikubuni kitu, na bado lina mtoto aliyeshangaa lori, jiwe lenye uzito, dada mwenye kumbukumbu yake, na mama ambaye miaka haikumhamisha. Pengo la kumbukumbu limekuwa sehemu ya hadithi, kwa sababu mtoto wa miaka sita hutazama lori.

Kiswahili kina zana nyingi za kazi hii. Kiambishi *hu-* cha mazoea humwezesha mwandishi kueleza yaliyorudiwarudiwa bila kudai siku wala saa: *jioni babu hukaa barazani, hutuita mmoja mmoja*. Usemi wa taarifa, unaofundishwa kila shule, humwezesha kufikisha kiini cha maneno aliyoyasahau pasipo kuyatia katika alama za kunukuu. *Huenda*, *yamkini*, *nadhani* na *wanasema* hutenganisha ajuacho na akisiacho. *-Nge-* hufungua mlango wa kuwaza ambayo hayakutokea, na msomaji hulitambua hilo papo hapo. Kwa upande wa pili, mfululizo wa *-ka-* unahitaji uangalifu: akasimama, akashika, akasema. Huyapanga matukio kwa uhakika wa shahidi aliyekuwapo, na mwandishi akiutumia mahali asipokumbuka, sarufi yenyewe inatoa ushahidi asiokuwa nao.

Watu wengine ndani ya hadithi

Hakuna anayeishi peke yake, kwa hiyo kila tawasifu huandika pia maisha ya watu ambao hawakuomba kuandikwa: mzazi, mtalaka, ndugu, jirani. Hapa ukweli unakutana na stara. Katika jamii za Waswahili, kufunika aibu ya nyumba ni wajibu wa heshima, na mwandishi anayefichua ulevi wa baba au ukatili wa mume huonekana amemvua nguo mtu wake. Wengine hujibu kwamba stara imewalinda watesaji kwa muda mrefu, na kwamba aliyeteswa ana haki juu ya hadithi yake.

Pande zote mbili zina haki, na ndiyo maana uamuzi ni mgumu. Kilicho wazi ni kwamba kuna njia tatu za kusitiri, na haziko sawa. Kunyamaza juu ya jambo, au kusema wazi kwamba halitaelezwa, hakumdanganyi msomaji. Kubadili jina na mahali kunakubalika kukitangazwa. Kumpamba mtu kwa wema asiokuwa nao, au kumpa ubaya wa mtu mwingine ili asitambulike, ni uongo, na ukimhusu mtu aliye hai unaweza kuwa kashfa mbele ya sheria.

Kuipima misimamo

Mabishano mengi hupotea kwa sababu "kubuni" huchukuliwa kama kitendo kimoja, ilhali ni vitendo kadhaa vyenye uzito tofauti. Kuchagua tukio na kuacha jingine hakuepukiki. Kupanga upya mfuatano, kwa kuanza na mazishi kisha kurudi utotoni, ni sanaa isiyohitaji udhuru maadamu tarehe hazipotoshwi. Kufupisha muda, kwa kuingiza ziara tatu za hospitali katika moja, kunaanza kuhitaji tangazo. Kuwaunganisha watu wawili wakawa mmoja kunalihitaji zaidi, kwa sababu kunamfuta binadamu aliyekuwapo. Kubuni tukio ambalo halikutokea na kuliita kweli kunavunja mkataba, hata kwa nia njema.

Ngazi hiyo ikitumika, kila msimamo unapata mahali pake. Ukali wa msimamo wa kwanza unafaa kikamilifu pale maandishi yanapomtuhumu mtu, yanapodai historia ya umma, au yanapotoa matumaini ya afya na uokovu ambayo wengine watayategemea. Uhuru wa msimamo wa pili unafaa katika maelezo ya hisia, ndoto na mawazo ya mwandishi mwenyewe, ambayo ni yeye tu anayeweza kuyashuhudia. Ukivuka kwenda kwenye matendo ya wengine, unapaswa kuitwa riwaya, na riwaya ni nyumba yenye heshima kamili. Msimamo wa tatu unakumbusha kwamba shahidi wa mdomo ni shahidi, na unadai jambo moja tu la ziada: mwandishi amtaje aliyemsimulia. Msimamo wa nne ndio unaoyafunga yote pamoja, kwa sharti kwamba tangazo liwe mahususi.

Gharama za mchanganyiko huu zisifichwe. Utafiti huchukua muda na nauli. Kumuuliza dada kuhusu siku ya kuhama kunaweza kufungua ugomvi uliolala miaka arobaini. Maneno ya shaka yakizidi huchosha, na msomaji huanza kumwona mwandishi kama mtu asiyejua lolote. Kwa hiyo yawekwe pale tu ambapo ukweli wa jambo una uzito. Wachapishaji nao wana sehemu yao: kuuliza mswada ulipatikanaje, kuchagua lebo ya jaladani kwa uaminifu, na kumpa mwandishi ukurasa wa kueleza njia yake. Walimu wanaweza kusaidia mapema zaidi, kwa kuwapa wanafunzi mazoezi mawili tofauti, la kisa cha kubuni na la kisa kilichotokea, na kuwataka katika la pili waeleze walivyojua.

Muhtasari

Mkanganyiko kuhusu ukweli katika masimulizi ya maisha unatokana na insha za shule zinazobuni "mimi", riwaya zinazovaa umbo la tawasifu, na soko linaloipenda lebo ya kisa cha kweli. Unazidishwa na kumbukumbu, ambayo hujaza mapengo bila mwenyewe kujua. Msimamo wa uthibitisho hulinda imani ila huwabana wasio na nyaraka. Ule wa hisia huipa sanaa nafasi ila hauna mpaka. Wa pamoja huwapa sauti wanyonge ila huwaacha wazi mbele ya wakanushaji. Wa mkataba hutatua mengi, mradi usigeuzwe kuwa desturi ya mstari mmoja.

Kwa jumla, usanii wa masimulizi ya kweli una uwanja mpana katika kuchagua, kupanga na kueleza, na uwanja huo unatosha kwa kazi kubwa. Matukio na maneno ya wengine hayabuniwi. Pale mwandishi asipojua, aseme kwa zana za lugha yake kwamba hajui, amtaje aliyemwambia, au aiite kazi yake riwaya. Kwa lugha yenye mapokeo ya zaidi ya miaka mia moja ya watu waliosimulia maisha yao wenyewe, kanuni hiyo inawalinda wasomaji wa leo, na pia wale watakaovifungua vitabu hivyo kesho kutafuta watu wa zama hizi waliishi vipi.